Ndugu Aliyetoa Ngozi

Daktari Ishaka alimwamkia Bi Mardhiya shikamoo mara mbili, na mara zote mbili hakuitikiwa. Kwa mtu wa Bagamoyo, tena mzaliwa wa Dunda, kumnyima mtu marahaba si jambo dogo; huku watu hugombana wakiwa wamekwisha kuamkiana. Mardhiya alipapasa kiti, akakaa, akavuta ushungi wake vizuri, kisha akasema kwamba hatatoka ofisini humo mpaka jina la mama yake lisafishwe kwenye karatasi zao.

Jana yake, muuguzi wa mradi wao wa macho, binti mmoja aitwaye Mina, alikuwa amempigia simu Bi Saida, mama yake Mardhiya, bibi wa miaka sabini na minane. Alimwamkia vizuri, akamuuliza hali, halafu kwa sauti laini akamuuliza kama Mardhiya na Abdulswamad, aliyeandikishwa kuwa ndugu yake, ni wa baba mmoja. Bi Saida hakuelewa. Mina akafafanua, na huo ufafanuzi ukawa mbaya kuliko swali: kwamba vipimo vimeonyesha hao wawili hawakutani kwa baba, kwamba mambo haya hutokea, kwamba ikiwa zamani zile palikuwa na mtu mwingine basi aseme tu, itabaki siri. Bi Saida alikata simu. Hakula mchana, hakula jioni. Asubuhi Mardhiya alimkuta amekaa ukumbini, amejifunika kanga kichwani kama mtu aliyefiwa, na ilimchukua saa nzima kumtoa maneno.

Mjane yule alikuwa ameishi na mume mmoja miaka arobaini na mmoja bila kunyooshewa kidole na mtu. Leo anakuja kusemwa na mashine!

Mardhiya mwenyewe alikuwa amesemwa vya kutosha maishani. Utotoni, jua likizama tu, alikuwa anajikwaa kwenye ndoo na kukanyaga vyungu, na kila alipomwaga kitu alichapwa kwa uzembe. Kaka yake mkubwa, Yahya, naye alichapwa hivyo hivyo; alipofika miaka thelathini akawa haoni kabisa, ndipo watu wakaacha kumwita mzembe wakaanza kumwita kipofu. Wengine walisema jini, wengine walisema jicho la watu. Yahya alikufa bila kuambiwa na yeyote kilichomla macho ni kitu gani, na hilo Mardhiya hakuwahi kumsamehe mtu yeyote, ingawa hakujua amlaumu nani.

Yeye alikuwa mshonaji wa kofia za mkono. Alianza akiwa na miaka kumi na miwili, na kabla ya ishirini maharusi wa mjini walikuwa wanapanga foleni kwake. Macho yalipoanza kufinyika kutoka pembeni, mumewe aliondoka, akasema alioa mke, hakuoa mgonjwa. Mardhiya alimjibu kwamba yeye naye hakukusudia kuolewa na mpumbavu, lakini ndivyo ilivyotokea. Sasa ana miaka arobaini na sita na anaona kama anayechungulia kwenye tundu la sindano. Kofia bado anashona. Anahesabu matundu kwa kidole gumba, na anayedhani kazi yake imeharibika aende akanunue za kiwandani.

Kwa hiyo Daktari Ishaka alipokuja mjini na mradi wake, Mardhiya alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa gauni. Daktari alimweleza kwa subira, na wakati ule alimpenda kwa hilo. Alisema ugonjwa huu ni wa kurithi. Uko kwenye retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina ya mtu aliye hai haikatwi ikachunguzwa. Badala yake wangechukua kipande cha ngozi ya mkono, kadiri ya punje ya mtama, na maabara ingezirudisha seli zake nyuma mpaka ziwe seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi. Halafu zingelelewa kidogo kidogo, miezi mingi, mpaka ziwe za retina. Hapo wangetazama zinavyougua ndani ya kisahani, na kuzijaribia dawa huko huko bila kumjaribia mtu. Hakumwahidi kupona. Alimwahidi kujua.

Walihitaji pia ngozi ya ndugu yake mwenye macho mazima, ili waweke visahani viwili ubavu kwa ubavu na kuona tofauti. Mardhiya alimwendea mdogo wake Khamis, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Vigwaza, anayeona mpaka msumari ulioanguka mchangani. Khamis alikataa. Binti yake alikuwa ameletewa posa na watu wa Dar es Salaam, naye hakutaka wasikie kwamba ukoo umeandikwa kwenye daftari la vipofu. Alisema kwa adabu, akampa dada yake kilo tano za mchele, akamsindikiza mpaka barabarani.

Abdulswamad hakuombwa. Alisikia habari akiwa kwenye karakana yake ya useremala, akafunga kazi, akaenda mwenyewe kutoa mkono. Huyu alikuwa mtoto wa jirani yao Wahida, aliyeugua vibaya baada ya uzazi hata maziwa yakakauka. Bi Saida alimchukua akamnyonyesha pamoja na Mardhiya, huyu kulia huyu kushoto, mwaka mzima na zaidi. Kwa sheria ya dini ni ndugu yake. Mardhiya hajifuniki nywele mbele yake, na hakuna mtu Dunda angediriki kuwaoza. Kwenye fomu alimwandikisha kuwa ndugu yake bila hata kufikiri, maana miaka arobaini na sita hajawahi kuwa kitu kingine. Na fomu yenyewe ilitaka jina, tarehe ya kuzaliwa na simu, basi.

Hayo yote aliyasema pale ofisini, na hakuyasema kwa sauti ya chini. Daktari Ishaka alikuwa ameinamisha kichwa. Alianza kueleza kwamba utaratibu wa vipimo ulimlazimu Mina aulize, lakini Mardhiya alimkatiza.

"Fungua hiyo fomu usome tarehe. Mimi nimezaliwa Januari. Abdulswamad amezaliwa Machi, mwaka ule ule. Mama gani huyo, daktari, anayezaa na kuzaa tena baada ya miezi miwili? Mmesoma mpaka ngozi mnaigeuza jicho, halafu miezi inawashinda. Rahisi kwenu ilikuwa mama yangu awe mzinzi."

Daktari alisoma. Akasema kosa ni lao, na kwamba ataliandika hivyo. Mardhiya alimwambia kuandika hakutoshi. Aliyetukanwa hajui kusoma, afuatwe aliko.

Walikwenda baada ya alasiri, daktari na Mina, wakavua viatu mlangoni. Khamis naye alikuwa amefika na gari lake, kwa kuwa dada yake alimpigia simu. Muda wote alikuwa akiuliza ni nani mwingine aliyesikia habari hizi. Mina alipiga magoti mbele ya Bi Saida, akaomba radhi huku analia. Bibi alimwacha alie kidogo, halafu akamwambia amesamehe, anyanyuke, ajifute.

Kisha Bi Saida akauliza kazi ya macho inaendeleaje. Daktari hakuficha. Seli za Mardhiya zilikuwa zimefika hatua nzuri kwenye kisahani, na tayari baadhi zimeanza kunyauka kama zilivyonyauka machoni mwake. Ila seli za Abdulswamad, kwa kuwa si wa damu, hazifai kulinganishwa nazo. Pasipokuwa na ndugu wa damu mwenye macho mazima, familia hii itabidi itolewe kwenye mradi.

Hakuna aliyemtazama Khamis, na bado Khamis alijitetea. Alisema posa haijajibiwa, labda wasubiri mwakani, na watu wa siku hizi wanachunguza sana. Hasira ambayo Mardhiya alikuwa akimmwagia daktari tangu asubuhi ikageuka pale pale, ikampata mwenyewe, Khamis.

Bi Saida alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa gauni lake. Mkono ulikuwa mwembamba, ngozi imelegea. Akauliza kama ya mzee inafaa.

Daktari alisema inafaa, tena sana. Mzazi kama yeye huwa amebeba kasoro nusu na uzima nusu, ndiyo maana macho yake yanafanya kazi. Mina akatoa fomu mpya. Mara hii aliandika kila kitu: nani kamzaa nani, na nani kamnyonyesha nani. Bi Saida akatia dole gumba.

"Kesho asubuhi nitakuja," alisema. "Abdulswamad atanileta kwa bajaji."

Khamis alisimama, funguo mkononi. "Mama, bajaji ya nini? Mimi nina gari. Nitakupeleka mimi."

Bi Saida alikuwa anakunjua mkono wa gauni, taratibu, mpaka kwenye kifundo. Hakuinua uso.

"Wewe kaozeshe binti yako," alisema. "Mimi nitapelekwa na mwanangu."