Neno Moja la Lemuel Stroud

Gazeti la mji wetu liliandika juzi kwamba marehemu Lemuel Stroud ndiye aliyetuletea mlinzi wa kivuko cha reli. Niliisoma habari hiyo nimesimama jikoni, pai ya tufaha ikiungua ovenini. Pai nitaoka nyingine. Uongo ule ndio ulionikaa kooni.

Lem nilimjua tangu akiwa mtoto wa fundi mapipa. Tulikaa benchi moja shuleni kabla sijatolewa nikakamue ng'ombe. Alikuwa mbishi. Mwalimu alimchapa kwa kubisha, naye akabishia hesabu ya viboko. Alipokua akapata kazi ya kufagia ofisi ya wakili mzee, akawa anafagia na kusoma vitabu vya sheria, mpaka siku moja jaji alipomuuliza maswali mawili matatu wakati wa chakula cha mchana, akamwambia haya, wewe sasa ni wakili. Ndivyo mawakili walivyopatikana Ohio siku zile.

Kesi zake za kwanza zilikuwa za nguruwe walioingia kwenye mahindi ya watu. Kisha reli ikaja, na treni ikamuua ng'ombe wa jirani yangu, mjane Bibi Ketchum. Lem aliingia mahakamani na kengele ya shingoni ya yule ng'ombe, akaitikisa mbele ya wote.

"Ng'ombe alipiga kengele yake kama kawaida," alisema. "Treni ilipiga nini?"

Hata jaji alicheka. Kampuni ya reli ikalipa, na kuanzia hapo Lem akawa mtu wetu. Nami nilicheka siku ile. Sitamnyima lililo lake.

Kivuko chenyewe kiko bondeni, baada ya kona. Treni huioni mpaka imekufikia, unategemea honi. Na binti yangu Drusilla hasikii honi. Homa ya vipele ilimwachia uhai ikamchukulia masikio, naye shule iko ng'ambo ya reli. Nilimsindikiza kila nilipoweza, lakini nyumbani kulikuwa na wadogo zake, na mume wangu alikuwa kiwandani akipasua mbao. Asubuhi nisizokwenda naye, nilisimama dirishani bila kufanya kitu chochote mpaka treni ipite.

Treni ilipomgonga muuza maziwa na farasi wake wakafa wote, Lem akagombea ubunge wa jimbo. Alifika barazani kwangu na kengele ileile mkononi.

"Roxana, nisemee kwa mumeo anipe kura, nami nitakupa mlinzi kivukoni, mwenye bendera."

"Kampuni itakubali?"

"Haiulizwi. Sheria itasema lazima iweke. Neno ni hilo, lazima."

Sisi wanawake hatukuwa na kura, lakini ndimi tulikuwa nazo. Nilimsemea kwa mume wangu, kwa kaka zangu, kwa kanisa zima. Akashinda. Sheria ilipopita tuliita bendi, tukaoka pai, watu wakambeba Lem mabegani. Hakuna aliyeomba asomewe sheria yenyewe.

Majira ya baridi yakapita bila mlinzi. Nikaenda kwa Bwana Pruitt, mkuu wa stesheni.

"Bibi Tuttle, hamkuisoma?" akaniuliza. "Sheria inasema kampuni yaweza kuweka mlinzi."

"Yaweza?"

"Yaweza. Hata mimi naweza kumwoa malkia wa Uingereza."

Jumapili nilimngoja Lem nje ya kanisa. Alikuwa na koti jipya.

"Uliniambia lazima," nikamwambia.

"Ningeng'ang'ania lazima, muswada ungefia kwenye kamati. Nimeleta kilichopatikana, Roxana."

"Na treni unapanda bure?"

"Wabunge wote wanapewa kadi na kampuni. Ni desturi. Haihusiani."

Kweli ilikuwa desturi, wala hakuna aliyeificha. Hata mchungaji wetu alikuwa nayo.

"Drusilla hasikii, Lem."

"Najua, na ninasikitika. Mfundishe kuangalia."

Ananiambia hivyo mimi, ambaye tangu ile homa sijafanya kazi nyingine duniani ila kuangalia. Nilirudi nyumbani bila kumuaga. Bibi Ketchum alinikuta nikipekua sanduku la nguo.

"Unatafuta nini, shoga yangu?"

"Gagulo langu jekundu."

"La sufu? Mbona kumeanza joto?"

"Silivai."

Kesho yake asubuhi nililifunga kwenye mpini wa reki, nikasimama kando ya reli kabla ya kona. Treni ilipotokea nikalipeperusha. Ikasimama ikilia na kutoa mvuke. Abiria wakachungulia madirishani, na mmoja wao alikuwa Mheshimiwa Lemuel Stroud, anakwenda bungeni. Akashuka akiwa na hasira.

"Roxana, unasimamisha treni kwa nini?"

"Mwanangu anavuka."

"Yuko wapi?"

"Anakuja. Hana haraka."

"Unavunja sheria."

"Ipi? Ile yako?"

Dereva wa treni, amepakaa masizi hadi masikioni, aliinama kutoka juu. "Mheshimiwa, sheria si inasema kampuni yaweza kuweka mlinzi? Basi labda imemweka huyu mama. Mbona bendera anayo?"

Behewa zima likacheka. Lem, aliyebishia hata hesabu ya viboko, akapanda tena behewani. Drusilla akatokea na kikapu chake cha chakula, akaitazama treni iliyosimama, akanitazama mimi, akavuka polepole kama malkia wa Bwana Pruitt.

Tulipokezana, mimi na Bibi Ketchum na wanawake wengine, kila asubuhi ya shule. Mpaka masika yaliyofuata treni zilikuwa zimechelewa kiasi kwamba kampuni ilichoka ikaweka mlinzi, mzee mwenye bendera ya kweli. Lem alihutubia siku hiyo, akashukuriwa, akachaguliwa tena na tena mpaka akafa.

Mlinzi yupo hadi leo. Drusilla ameshaolewa, na watoto wake wanavuka palepale. Lakini sheria haijabadilishwa, bado inasema yaweza. Gagulo langu limetundikwa nyuma ya mlango, na reki iko kando yake.