Ndoo ya Maji juu ya Injini

Kho. Kho. Kisha kimya.

Mlio huo Beatus aliusikia mwaka 1974 katikati ya mto Lumemo, pikapu ya petroli ilipokufa majini. Ursula, mkewe, alikuwa nyuma na uchungu wa uzazi. Careen alizaliwa mlemle, akaishi. Mama yake hakufika hospitali.

Baada ya hapo Beatus aliendesha trekta la mashamba ya miwa miaka kumi na tisa. Injini akazijua kwa sikio.

Aprili 1996, Careen alikuwa na mimba, ng'ambo ya mto uleule, na daktari alishasema mtoto atatoka kwa upasuaji. Beatus akamwomba ahamie mjini, akakataa: mpunga unaiva, akiondoka ndege wataumaliza.

"Wiki mbili tu, baba."

Basi Osward, mumewe, akaja Mlabani, mjini Ifakara, kutafuta gari kabla mto haujajaa, na Beatus akafuatana naye.

Uani kwa Mama Rabia, muuza magari, yalikuwapo mawili. Land Cruiser ya petroli: lita nne na ushei, silinda sita, nguvu za farasi mia na thelathini na tano. Landrover ya dizeli: lita mbili na robo, silinda nne, farasi sitini na wawili. Osward aliizungusha ile ya kwanza, akarudi anacheka.

"Baba, hii inaruka. Ile nyingine hata ng'ombe wa Msukuma anaipita."

"Ng'ombe wa Msukuma huvuka mto," alisema Beatus, akaomba ndoo ya maji.

Akafungua boneti, akaimwagia injini ya Land Cruiser ikiwa inanguruma.

"Mzee Beatus," alisema Mama Rabia, "unanunua gari au unalibatiza?"

Kho. Kho. Kimya.

Beatus alifunga boneti, akaijaza ndoo tena. Osward hakucheka tena.

Landrover ilibidi isukumwe na wanaume wanne ndipo iwake, maana stata ilikuwa imekufa. Beatus akaimwagia ndoo nzima. Ikaendelea kutetemeka na kunguruma.

"Dizeli haitegemei cheche," alisema. "Tuchukue hii."

"Stata mtaipata Dar," alisema Mama Rabia. "Barabara ikipitika."

Osward alikuwa mtu wa kubana mafuta; kila aliposimama alizima. Siku hiyo walisukumwa mara tatu.

Siku ya nne asubuhi, mawingu yalilala meusi juu ya milima unakoanzia mto. Ifakara hakukunyesha hata tone. Wangali mjini wakingoja stata, mtu alikuja na baiskeli kutoka ng'ambo: Careen ameshikwa na uchungu. Wakavuka, maji yakiwa chini ya vitovu vya magurudumu.

Saa moja baadaye walirudi kivukoni, Careen amelala nyuma kwenye godoro. Mto ulikuwa mwekundu kwa udongo, na magogo yalikuwa yakipita. Osward akasimamisha gari kwenye mchanga tambarare, injini ikinguruma. Hapakuwa na mteremko, hapakuwa na mtu wa kusukuma.

Beatus alishuka na fimbo, akaingia mpaka kiunoni, akapapasa chini, akarudi.

"Baba," Careen aliita kutoka nyuma, "tunangoja nini?"

Beatus alipanda, nguo zikichuruzika. Osward, macho yake mtoni, alikuwa tayari amepeleka vidole kwenye ufunguo kwa mazoea. Mzee aliufunika mkono wa mkwewe kwa wake uliokuwa baridi, akasema kwa sauti ambayo binti yake hakuisikia:

"Usizime, mwanangu."