Msimu Aliouchagua Mzee Mou

Shangazi Kou wa ghorofa ya kwanza hupokea vifurushi vya jengo letu lote, na hatoi kifurushi bila habari juu yake. Ndiye aliyeniambia kwamba Mzee Mou amemficha mwanamke.

"Mtu ana binti mmoja na mjukuu mmoja, na bado anawakataza wasije," alisema huku akimminya mwanangu Yaoyao shavu. "Kwa nini? Kule ndani vinanywewa vikombe viwili vya chai."

"Shangazi, milango yetu inatazamana. Ningemwona."

"Wewe una mtoto mchanga. Hata tembo akipita ngazini humwoni."

Nilichukua kifurushi changu nikapanda. Lakini ukweli ni kwamba anayeamka mara nne kunyonyesha huona mengi, hasa akiwa na tundu la kuchungulia mlangoni.

Mzee Mou ana miaka sabini na mmoja. Zamani alikuwa fundi wa mabomba ya kupasha nyumba joto, na mpaka leo chuma kikipoa chumbani mwa mtu, hodi ya kwanza hupigwa kwake. Mkewe amefariki. Binti yake, Shulan, aliolewa Guangzhou, kusini kabisa, na huko akamzaa Keke, ambaye ana miaka sita na hajawahi kukanyaga theluji. Mimi nilijua mambo yao kwa sababu mzee alikalia miwani yake, akaifunga kwa utepe wa gundi, na tangu siku hiyo akawa ananiletea simu nimsomee.

Shulan aliuliza swali lilelile mwaka mzima: Baba, msimu gani mzuri wa kuja Harbin?

Mwezi wa tano, wakati mji mzima unanukia maua ya zambarau mpaka ndani ya mabasi, mzee alijibu kwamba maua yanaumiza watu vichwa.

"Vichwa vya nani, mzee wangu?" nilimuuliza.

"Vya wasioyazoea. Bonyeza, tuma."

Kiangazi alisema mbu wa mwaka huu wanabeba watoto. Vuli alisema ngazi zimejaa kabichi. Hilo lilikuwa kweli, maana kila familia ilikuwa imepanga zake ukutani zikauke kabla ya kuziweka kwenye mtungi wa chumvi, lakini tangu lini kabichi ikamzuia mtu kumwona baba yake? Majira ya baridi alimtumia ujumbe wa sauti kwamba masikio ya watu wa kusini hudondoka yakiguswa. Yaoyao nilikuwa nimempakata, akalia katikati ya ujumbe, nami nikasikika nikimbembeleza. Mzee hakurudia. Aliutuma hivyohivyo.

Mwezi huohuo niliijua siri yake. Nilitoka rosheni kuchukua mapeasi niliyoyaacha nje yagande. Rosheni zetu zinakaribiana kiasi cha kupeana chumvi. Kwenye kamba ya Mzee Mou ilining'inia kaptura nyekundu ya kuogelea, imeganda kama ubao, miguu imeachana, utadhani kuna mtu ndani yake asiyeonekana. Mzee naye akatoka kuchukua maandazi yake ya nyama. Tukaitazama kaptura wote wawili.

"Ni ya mazoezi," alisema.

"Mazoezi gani?"

"Ya kunyamaza. Anza na wewe leo."

Basi, kumbe ndiyo maana aliondoka kila siku saa mbili na nusu asubuhi na mfuko wa buluu, akarudi saa nne uso mwekundu na barafu kwenye nyusi. Alikuwa anakwenda mto Songhua, pale wazee wanapokata barafu wakatengeneza bwawa, wakavua nguo, wakaingia. Miaka mitatu iliyopita moyo wake ulisumbua akalazwa. Shulan alisafiri kutoka kusini, akakaa pembeni ya kitanda siku tisa, na baba yake akamwahidi kwamba hataingia tena mtoni.

"Nilitimiza miezi minne," aliniambia, amekaa jikoni kwangu na kikombe cha maji moto. "Nikawa nakaa dirishani kama chungu cha maua. Mama Yaoyao, nyumbani mimi ni mgonjwa anayengoja. Kule wananigombeza nimechelewa."

"Si uache siku chache tu wakiwa hapa?"

"Mgeni wa mji huu unampeleka wapi? Mtoni. Majira ya baridi mtoni, kiangazi mtoni. Na pale ukingoni hata mbwa wananijua jina."

Nikamwelewa. Si kwamba hakutaka waje. Kila walipotaka kuja, mto ulikuwa na waogeleaji.

Kisha mwezi wa pili ukaja ujumbe ambao sikuhitaji kuusoma, kwa sababu Shulan aliuongea mwenyewe. "Baba, sitaki sababu tena. Keke ananiuliza kama babu yake yupo kweli au nimembuni. Taja mwezi mmoja. Ukikosa mwezi hata mmoja kati ya kumi na miwili, nitajua hututaki, na sitauliza tena."

Mzee akausikiliza mara tatu. Akaivua miwani, akaivaa.

"Barafu ya mto inapasuka lini?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye mzawa zaidi yake.

"Mwanzo wa mwezi wa nne."

"Na mapande yakielea, nani anaogelea?"

"Hakuna. Yatamsaga."

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Shulan, mwanangu. Njoo mwanzo wa mwezi wa nne. Ndio msimu mzuri kuliko yote Harbin."

Nilifunika mdomo kwa nepi ya Yaoyao. Kila aliyezaliwa hapa anajua mwezi wa nne ulivyo. Theluji nyeupe imekwisha, imebaki ile nyeusi, na ikiyeyuka inarudisha kila kitu ambacho mbwa waliacha tangu mwezi wa kumi na moja. Upepo unakuja na mchanga. Joto la mabomba linakaribia kukatwa. Maua bado. Mzee akaendelea kuusifu mwezi huo kwa pumzi moja: hewa, utulivu, hakuna msongamano. Hapo hakusema uongo, maana hakuna anayekuja.

Walikuja. Shulan alishuka na viatu vya kitambaa, na kabla ya kufika mlangoni vilikuwa na rangi ya supu. Keke alifurahi kupita kiasi. Matope kama yale hakuwahi kuruhusiwa. Jioni mzee alikaanga, nami nikaalikwa pamoja na Yaoyao wangu. Niliona Shulan ananitazama, anamtazama Yaoyao, anamtazama baba yake pua. Baada ya kula akanifuata jikoni na kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na skafu ya hariri.

"Nimekuletea," alisema taratibu, macho kwenye sinki. "Sijui nikuite nani. Umri wako ni mdogo kuliko wangu, lakini kama baba anafurahi, mimi sina neno. Shangazi Kou aliniambia kwa simu. Na mtoto nilimsikia mwenyewe akilia."

Sahani ilinitoka mkononi ikaangukia kwenye povu, ndiyo salama yake.

"Dada," nilisema, "mume wangu anaendesha lori la mbao, anarudi Alhamisi. Ana shingo kama gogo. Tafadhali usimwambie hayo."

Akaniangalia, akaanza kucheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Halafu kicheko kikakatika.

"Kama si mwanamke, basi anatukatalia nini?"

Nikaiokota sahani povuni, nikaisugua. Nilikuwa nimeshaanza mazoezi ya kunyamaza.

Kesho yake tulikwenda wote mtoni kutazama barafu ikiondoka. Mzee alitembea kifua mbele, salama kabisa: maji yalikuwa na mapande makubwa kama milango, yakigongana na kupandana, na Keke akiyapigia makofi. Hakuna hata mwogeleaji mmoja majini. Jambo ambalo Mzee Mou hakulipigia hesabu ni kwamba waogeleaji waliokosa pa kuogelea walikuwa wamekaa ukingoni wanalisubiri bwawa lao kama watu waliofungiwa nje ya nyumba. Bibi Zhuo, miaka sabini na mitano, kofia ya sufu na buti, alimwona tangu mbali.

"Kambare," aliita. "Wiki ya tatu hii uko mkavu. Ngozi haijakuwasha?"

"Ananifananisha," mzee alimwambia binti yake.

"Nikufananishe na nani? Mgongo wako nimeutazama kila asubuhi majira yote ya baridi. Kile kidoa cha bega la kushoto kimeongezeka, kakionyeshe kwa daktari."

Wazee wengine wakacheka. Shulan hakucheka. Alisimama akiyatazama mapande yakipita, na baba yake akasimama karibu naye, mikono mifukoni, mfupi ghafla.

"Mwanamke ningempokea," Shulan alisema. "Nimemletea mpaka skafu. Siku tisa, baba. Nilihesabu pumzi zako siku tisa."

"Najua."

"Ungesema tu."

"Ningesema ungenikataza. Ukinikataza ningekutii. Ndiyo maana sikusema."

Keke akamvuta koti. "Babu, kwa hiyo wewe unaingia humo ndani? Kwenye barafu?"

"Nilikuwa naingia."

"Kisha unatoka?"

"Mpaka sasa nimetoka kila mara."

Mtoto akamwangalia kama vile sasa ndio ameamini kwamba yupo.

Walizozana njia nzima ya kurudi, na hilo lilikuwa afadhali kuliko kimya cha mwaka mzima. Masharti yalitangazwa mezani, mimi nikiwa shahidi: asiguse maji mpaka daktari wa moyo ampime na aseme dakika ngapi. Nimpeleke mimi, kwa sababu Shulan alisema mimi ndiye pekee jengo zima nisiyejua kudanganya. Na mwezi wa kwanza watakuja tena, yeye atashika saa na Keke atashika taulo. "Na masikio yetu tutayafunga kamba," akaongeza.

Skafu waliniachia. Mume wangu aliporudi Alhamisi nilimwambia ni zawadi ya jirani, naye akasema inanipendeza.

Jumatatu tukamfuata daktari. Kwenye benchi la kusubiri Mzee Mou alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jipya, amekaa wima kama mwanafunzi. Akaniinamia sikioni.

"Mama Yaoyao. Daktari akiuliza zamani nilikuwa nakaa majini dakika ngapi, utasema nini?"

"Nitasema ulivyoniambia. Kumi na mbili."

"Nilijua." Akatazama mlango, akamtazama Yaoyao aliyekuwa anatafuna ncha ya skafu yangu. "Basi nisaidie kitu kimoja. Ukifika hapo kwenye namba, mfinye kidogo mtoto alie."