Kompyuta ya Kukaa Wawili

Nakumbuka alasiri moja ya Ijumaa, mwanangu, shangazi yangu Tatu aliposimama kwenye mlango wa chumba changu, ungo wa mihogo ukiwa bado mikononi, akaitazama kompyuta iliyokuwa wazi mezani. Aliitazama kama mtu anavyotazama kuku aliyepasuliwa asijue maini yako wapi. Kisha akaniuliza swali ambalo wewe hujaniuliza, ijapokuwa wiki nzima hii umekuwa ukinionyesha picha za vifaa kwenye simu yako na kuniomba nikwambie kipi ununue.

Basi kaa hapa, na hiyo simu iweke kando kidogo. Nitakujibu, ila jibu langu lina njia ndefu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Mimi naongeza kwamba kukimbilia jibu kabla hujalijua swali, huo ndio ujinga wenyewe.

Wakati ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa hapa Bagamoyo mjini. Mashine ikigoma, mwenye duka alikuwa akimwita fundi kutoka Dar, nami nilisimama nyuma ya fundi huyo mpaka nikajua kufungua na kufunga. Wateja wakipungua tulikuwa tunacheza gemu, na mimi gemu zilinikamata kwelikweli. Nikatia nia ya kujitengenezea kompyuta yangu mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, iweze kubeba zile gemu kubwa ambazo mashine za dukani zilikuwa zinashindwa nazo.

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikiwaambia watu. Sababu nyingine ilikuwa ndani ya nyumba yetu. Mama yangu alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka ule. Mimi ni mtoto pekee, kwa hiyo nyumba ya watu watatu ikabaki ya wawili: mimi na baba.

Babu yako huyo hukuwahi kumwona. Alikuwa dereva wa lori la chumvi. Ujana wake wote alikuwa akipakia chumvi ya pwani yetu hii na kuipeleka Chalinze, Ubena, mpaka Morogoro, enzi ambazo barabara ikinyeshewa inageuka uji. Baadaye mguu wake wa kushoto ulishikwa na ganzi, akashindwa kukanyaga klachi, ikabidi aache kazi. Mama ndiye aliyekuwa akimchangamsha. Mama alipoondoka, baba akanyamaza. Hakuwa mkali, la. Ukimwamkia anaitikia, ukimpakulia chakula anashukuru, basi, imekwisha hiyo. Anarudi chumbani kwake na mlango anaurudishia.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sikudhani kapoa, mwanangu, ila nililiogopa lile kovu. Nikawa natoka kazini, napika, nampelekea, kisha naingia chumbani kwangu na mimi nafunga mlango. Na kompyuta ile niliitaka iwe pango langu. Kulikuwa na gemu moja ya kutembea peke yako kwenye milima na misitu isiyo na mwisho. Niliionja siku moja dukani, ikawa inakwamakwama, lakini nikaona kwamba huko ndani hakuna msiba. Nikataka kuhamia.

Nilianza na kasha. Nikafuatia madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha kila kitu, kisha prosesa ambayo ndiyo akili ya mashine, kisha ramu, kumbukumbu yake ya kazi ya papo hapo. Kioo alinipa mwenye duka, kile cha zamani chenye mgongo mkubwa, kizito kama gunia la mkaa. Vikabaki viwili: pawa saplai, kile kisanduku kinachougawa umeme kwa wenzake wote, na kadi ya picha. Kadi ndiyo inayochora unachokiona kwenye kioo, na wacheza gemu wote, wa jana na wa leo, ugonjwa wao uko hapo. Mimi nilikuwa nimeshachagua: ile kubwa kuliko zote dukani, iliyochorwa joka kwenye boksi lake.

Hapo ndipo shangazi aliponikuta. Ni dada yake baba, anaishi Zinga, na tangu msiba alikuwa akija kila mara na kitu cha shambani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hiki ndicho kinachokufungia ndani?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa raha, maana hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hiki kazi yake hii, kile kazi yake ile, na kesho nakwenda Kariakoo kumalizia. Shangazi alisikiliza yote, nusu hakuielewa, wala hakujifanya kaielewa. Kisha akasema, "Na atakayekaa nawe hapa ni nani?"

"Kukaa vipi, shangazi? Ni kompyuta yangu."

"Nimesikia. Naona kiti kimoja, ndiyo maana nauliza."

"Ni ya mtu mmoja tu."

Akauweka ungo chini, akaketi kitandani kwangu. "Zuhura, nimeingia nyumba hii nimemkuta kaka yangu kajifungia kule, na wewe umejifungia huku. Mko wawili tu duniani, na nyumba imenyamaza kama ya watu waliogombana. Sasa unakwenda Dar kununua kufuli jingine?"

"Baba hataki kuzungumza, shangazi."

"Ulimwambia nini akakataa?"

Sikuwa nimemwambia lolote zaidi ya chakula tayari na maji ya kuoga tayari.

"Mfiwa havutwi kwa nguvu," akasema, sauti imeshuka. "Lakini hafungiwi mlango vilevile. Nunua unachotaka, jasho ni lako. Ila ujue unachokijenga."

Akainuka akaenda jikoni kumenya mihogo, mimi nikabaki na bisibisi mkononi. Nilikasirika, kama ulivyokasirika wewe hivi punde niliposema uiweke simu kando. Lakini neno la mkubwa ni kama mwiba wa samaki kooni: utakunywa maji, utameza tonge, bado upo.

Kesho yake nikaenda Kariakoo. Muuzaji alikuwa kijana mpole, na nakwambia ukimpata muuzaji anayekukataza kununua, mshike huyo. Aliliweka boksi la joka kaunta, kisha akaitazama ile pawa saplai niliyoitaka mimi, nyepesi, ina taa ya buluu inayomeremeta.

"Dada, hivi viwili havipatani," akasema. "Hii kadi inakula umeme mwingi, na hiki kisanduku hakina nguvu, kina taa tu. Itakuzimikia katikati ya mchezo. Siku nyingine kitaungua na kuondoka na madabodi yako."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukiitaka kadi hii, subiri miezi mingine upate pawa saplai ya kuibeba. Ama chukua kadi ya kati na pawa saplai nzito. Gemu nyingi utacheza. Ile moja kubwa uliyoitaja ndiyo hutaiweza."

Ile moja kubwa. Milima yangu na misitu yangu. Nikasimama pale, watu wananipita, na macho yakaangukia ukutani, zilikokuwa zimetundikwa pedi: vile vishikio vya mikono miwili vyenye vitufe, vya kuchezea watu wawili kwenye kioo kimoja. Swali la shangazi likarudi kooni. Nikajikuta nasema, "Nipe ya kati. Na hiyo pawa saplai nzito. Na pedi mbili." Sauti yangu ilitetemeka, kijana akadhani namlilia bei, akaniongezea sidii ya gemu ya magari.

Jumapili niliifunga ile mashine mpaka mwisho, na badala ya kuiacha chumbani nikaitoa sebuleni, kwenye meza ya chakula. Ikawaka mara ya kwanza. Ee mwanangu, ile sauti ya feni ikianza kuzunguka kwenye kitu ulichokifunga kwa mikono yako! Nyie mtaikuta wenyewe, mimi siwezi kuieleza.

Lakini nilikuwa sijui namna ya kumwita baba. Nitamwambia nini? Njoo tucheze? Mzee aliyefiwa? Nikaweka ile sidii ya magari, nikaanza kuendesha peke yangu, vibaya. Baba akatoka chumbani kwenda kutia udhu, ilikuwa karibu na alasiri. Alipita nyuma yangu akikokota mguu. Kisha nikasikia mguu umesimama.

"Gia hiyo ndogo," akasema. "Husikii injini inavyolia?"

Miezi ilikuwa imepita baba hajaniambia neno ambalo sikumwomba.

"Sijui, baba," nikasema, nikijitahidi nisigeuke. "Sijawahi kuendesha. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe kwa mguu gani?"

"Hii haitaki mguu. Vidole tu."

Nikaisukuma pedi ya pili upande wake wa meza, nikavuta kiti. Alikwenda akaswali. Nikasema basi, imeshindikana. Aliporudi alivuta kile kiti akaketi.

Laiti ungemwona. Mashindano ya magari, wenziwe wanapita kama risasi, na yeye anakwenda pole pole, anashika kushoto, kwenye kona anafunga breki. Aliniuliza honi iko wapi. Gari jingine lilipomkwangua ubavuni, akasema, "Huyu leseni kapewa na nani?" Alimaliza wa mwisho, wenzake walishafika zamani, akaweka pedi chini kwa heshima kama mtu anayezima injini. Kisha akasema, "Tena."

Safari ile tuliendesha pamoja. Mimi nikaingia ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Baba akatikisa kichwa. "Mama yako asingepanda gari lako wewe."

Alimtaja. Nilihisi hewa ya sebuleni imebadilika. Sikuthubutu kumtazama usoni, na nadhani ndilo lililosaidia, kwamba sote wawili macho yetu yalikuwa kwenye kioo.

"Langu alipanda," akaendelea. "Tulikuwa na mwezi mmoja tu wa ndoa. Akasema anataka kuona chumvi inakokwenda. Tajiri mwenye lori hakupenda, lakini nikampandisha. Tukafika karibu na Ubena, mvua imenyesha, lori likazama mpaka ekseli. Nikahangaika mimi na utingo, wapi. Mama yako akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuimba. Zile nyimbo walizomwimbia siku ya harusi! Sauti ile, Zuhura. Wanawake wa kijijini wakatoka majumbani kuja kutazama ni harusi ya nani, wakaanza kuitikia, wakacheka, wakatusukuma. Lori limejaa chumvi, wanawake wanalisukuma kwa wimbo."

"Mimi sikuwahi kumsikia mama akiimba," nikasema.

"Baada ya hapo hakuimba tena mbele za watu. Nilipomwomba alikuwa akiniambia sauti kaiacha Ubena."

Gari lake lilikuwa limetoka barabarani, limeegemea mti, na hakuligusa. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Na mimi ndipo nilipolia, mwanangu, kilio ambacho sikukilia hata siku ya mazishi. Tulikaa hivyo, pedi mikononi, mpaka adhana ya magharibi.

Tangu siku ile, kila nikitoka kazini namkuta amekwisha kaa. Kila kona ya gemu ilikuwa na hadithi yake ya kweli: hapa kama Chalinze, hapa kama ule mteremko wa Morogoro. Mama nilimjua upya, akiwa msichana, akiwa mkorofi, akiwa mwimbaji. Baada ya muda baba alianza kutoka, akikaa barazani na wazee wenziwe na kuwatambia kwamba amerudi kazini. Shangazi alipokuja na kukuta kaka yake anakigombeza kioo, alicheka mpaka akajishika mbavu, wala hakunikumbusha maneno yake. Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Mungu amrehemu. Mashine ilikuja kuliwa na kutu, kama pwani yetu inavyokula kila chuma.

Sasa hayo unayoyasubiri. Anza na pawa saplai, mwanangu, nzito na ya uhakika, maana umeme wetu unaujua. Usidanganyike na taa na vioo vya rangi. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Vifaa vipatane: kadi kubwa kwenye mashine dhaifu ni bibi harusi wa kifahari kwenye nyumba inayovuja. Uhai wa kompyuta huku kwetu ni kuipangusa vumbi na kuiepusha na upepo wa chumvi, basi isikae dirishani. Na ukikosa fedha za vyote kwa sasa, ubao mkuu uwe wenye nafasi ya kuongeza kesho.

Lakini hayo hata simu yako ingekwambia. La kwangu ni hili: kabla hujachagua kadi, mchague mtu. Kitu unachokijenga kwa mikono yako kitakufunga ama kitakufungua, na hilo halimo ndani ya kasha, limo katika mahali utakapokiweka na nani atakayealikwa. Na yupo mtu karibu yako aliyenyamaza, sikuzote yupo. Usingoje awe tayari kuzungumza. Mpe tu mahali pa kukaa na kitu cha kushika.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mkono mwepesi wa kufunga skrubu na moyo usiokata tamaa mashine ikikataa kuwaka. Akujaalie riziki ya halali ya kukamilisha ulichokianza. Na akupe nyumba ambayo mtu akicheka chumba kimoja, aliye chumba cha pili anainuka kuja kuuliza kuna nini. Amina.