Ekzosi Iliyojulikana Njia Nzima

Jumamosi asubuhi muuza duka mmoja wa Kasulu alinipigia simu kuniambia kwamba yule dereva wa pikapu ya njia ya Rungwe Mpya amefariki. Kabla hajamaliza, nikaisikia pikapu yenyewe inakuja. Ekzosi ilikuwa ikigonga chini ya bodi kama siku zote, ikinyamaza kidogo kwenye mteremko, kisha ikianza tena. "Umedanganywa," nikamwambia. "Huyu hapa anapita." Nilipotoka nje, jirani yangu alikwishafika barabarani na beseni lake la ndizi, mkono juu. Gari likasimama. Kwenye usukani alikuwa mdogo wa marehemu, macho mekundu, ametumwa kukusanya ndugu. Jirani akamtazama, akatazama kiti cha pili. "Na mwenyewe yuko wapi?" Mimi niliyekuwa na jibu nilibaki nimeshika simu sikioni, nikiwa sijui niamini lipi, nililoambiwa au nililolisikia.

Ekzosi huning'inizwa kwa vipande vya mpira. Cha nyuma katika pikapu ile kilikuwa kimelegea, bomba la moshi likapata nafasi ya kucheza. Siku moja, dereva angali hai, fundi wake alimtania mbele yangu: "Mzee, gari lako linakohoa kuliko bibi yangu. Niachie nikate kipande cha tyubu, nikaze." Akamjibu, "Bibi yako anaumwa. Langu linaongea." Tulipoondoka nilimuuliza sababu. Akasema aliwahi kuikaza, na gari likawa kimya kama la bwana mkubwa. Wiki hiyohiyo, mama mmoja wa Rungwe Mpya alikaa ndani na mtoto mwenye homa kali, akisubiri kusikia ekzosi ndipo atoke, maana ndivyo walivyozoea wote wa njia ile. Alipochungulia aliona vumbi tu. Mtoto alifikishwa hospitali ya Kabanga jioni, kwa pikipiki, akapona. "Lakini mama yake hakunisalimia mwezi mzima," alisema. Basi akaingia mwenyewe uvunguni mwa gari, akaulegeza ule mpira, akazungushia waya ili bomba ligonge lakini lisidondoke. Nikamwambia angepiga honi. "Honi? Kila bodaboda ana honi. Nani atatoka na mgonjwa kwa honi?"

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuamua kama lile lilikuwa gari bovu. Trafiki walimsimamisha kwa sababu hiyo, na hawakukosea. Abiria wageni, walimu na maofisa waliohamishiwa huku, walilalamika kichwa kinawauma, nao hawakukosea. Barabara zetu sasa zinawekwa lami, magari yanapita laini na haraka, na tunayaita mazima. Lakini sijui hata moja kati ya hayo ambalo mtu aliye jikoni kwake anaweza kusema ni la nani na linakwenda wapi.

Msibani ndiko nilikochanganyikiwa zaidi. Kila mara pikapu ile iliporudi na wageni, mjane aliinuka mkekani, akapiga hatua kuelekea jikoni, kisha akakumbuka. Miaka yote sauti ile ndiyo ilikuwa ikimwambia abandike maji ya ugali. Hatimaye akamwita fundi, aliyekuwa amekaa na wanaume. "Fundi, nakuomba ulikaze lile bomba. Siwezi." Yule mama wa Rungwe Mpya, wa mtoto mwenye homa, akasema taratibu, "Dada, na sisi tutajuaje?" Mjane akamtazama. "Sijui, mwenzangu. Kweli sijui." Fundi akainuka, na mdogo wa marehemu akamtupia funguo. "Kaza," alisema. "Mimi nitasimama."

Na anasimama. Juzi nilipanda naye kwenda Kasulu. Gari halina kelele, na safari imekuwa ndefu, kwa sababu kwenye kila kijia anazima injini, anashuka, anapaza sauti kuelekea nyumbani kwa watu: "Kuna mgonjwa? Kuna mzigo?" Abiria wananung'unika. Mimi bado natega sikio nikingojea kule kugonga, na sijui hasa namngojea nani. Ninachokiona ni kwamba tukiamua kupita kimya mbele ya milango ya watu, basi tuwe tayari kushuka na kuwauliza.