Nilivyowasha seva ya shule Bunia, wazazi wote wakasikia kilichojaza disk

Habari za humu wakuu. Kisa hiki ni cha kweli tupu, sijaongeza chumvi. Chumvi ilikuja yenyewe.

Nafundisha informatique, yaani somo la kompyuta, kwenye sekondari moja hapa Bunia. Mimi ndiye niliyeshawishi shule tuache kujumlisha pointi kwa mkono, kila kitu kikae kwenye database. Walimu wazee hawakufurahi. Walikuwa wananingoja tu nianguke.

Siku ya kutangaza matokeo na kugawa bulletins, yaani karatasi za pointi, uwanja ulijaa. Wazazi wengine wametoka Marabo na Irumu, wanataka kurudi njia ikiwa bado nzuri.

Umeme ukakatika.

Tukawasha jenereta. Kompyuta ikaamka, lakini Postgres, programu inayoshika database yetu, haikuamka nayo. Ni mashine ya zamani, kwa hiyo nikaiwasha kwa mkono:

pg_ctl -D data start

Ikajibu: server starting.

Sasa wakuu, "starting" si "started". Ni kama mtu wa motari, bodaboda wetu, akikuambia yuko njiani, kumbe bado anaoga.

Préfet wetu, yaani mkuu wa shule, alikuwa amesimama nyuma yangu na micro, kipaza sauti kisicho na waya, mkononi.

"Madame, iko inatembea?"

Nikaandika amri ya kutafuta kama programu iko inatembea:

ps -ef | grep postgres

Ukatokea mstari mmoja wenye neno postgres.

"Njo hii! Nimeiona na macho yangu!" akasema préfet, akatoka mbio. Nikamsikia kwenye spika: "Bazazi, serveur iko! Bulletins zinakuya sasa hivi!"

Vigelegele.

Hata mimi nilitabasamu. Kisha nikausoma ule mstari vizuri. Ilikuwa ni grep! Amri yangu ya kutafuta ilikuwa imejiona yenyewe. Postgres haikuwepo kabisa.

Nikaiwasha tena, safari hii nikaacha ujumbe wake uje moja kwa moja kwenye skrini. No space left on device. Disk imejaa.

Imejaa nini? Pointi za wanafunzi ni herufi na namba tu. Nikatafuta folda kubwa kuliko zote, nikaikuta inaitwa MARIAGE. Ndani yake kuna video za harusi ya binti wa préfet, kamera tatu, kuanzia bibi harusi anavaa viatu mpaka watu wanaosha sufuria.

Préfet akarudi anahema. "Madame, bulletins?"

"Papa préfet, disk imejaa. Nikifuta hii folda, tunaendelea."

Akaangalia skrini, akapiga kelele: "Apana! Usifute ndoa ya mutoto yangu!"

Micro ilikuwa bado inawaka.

Kicheko kikapasuka uwanja mzima mpaka madirisha yakatetemeka. Mama mmoja akapaza sauti: "Papa préfet, basi utuimbie wimbo ya ile ndoa! Siye tunangoja!"

Mke wa préfet, aliyekaa mstari wa mbele, akamalizia: "Imba! Miye nilikuambia uuze flash, weye ukakataa!" (Kwetu "kuuza" hapo ni kununua, msichanganyikiwe.)

Akaimba. Tena aliimba vizuri.

Mpiga picha aliyekuja kuwapiga wazazi picha akaniazima disk yake, nikaanza kuhamisha video. Video moja ilitosha kabisa, wakuu. Nikahamisha mbili, kwa sababu walimu wazee walikuwa wameanza kucheza.

Nikawasha upya. Sikutumia ps tena. Nikaiuliza seva yenyewe:

pg_isready

accepting connections.

Bado sikuamini. Nikavuta jina la mwanafunzi mmoja na pointi zake. Zikaja. Printa ikaanza kunguruma, na watu wa Marabo wakaondoka jua likiwa bado juu.

Somo nililopata: kuona jina la seva kwenye ps si ushahidi. Iulize kitu, ikujibu. Na kabla ya siku kubwa piga df -h, ujue disk imebaki na nafasi gani.

Wiki iliyofuata préfet alikuja na disk mpya mfukoni. Akafunga mlango, akauliza kwa sauti ndogo: "Madame, ile sehemu ya kukata keki iko?"

Haya, wenzangu mnaoshika seva za maofisi, ninyi mlikuta nini kwenye folda za wakubwa wenu? Mwageni hapa, tucheke pamoja.