Chumvi Ndani ya Tope

Wajomba zangu wa Majengo walikuwa na mzaha ambao mpaka leo siupendi. Kila arusi, baba yangu akitokeza mlangoni, lazima mmoja aseme, "Mpisheni, asije akakimbia huyu pia." Ati babu yake baba hakuhama Tana kwa ukame, alikimbia aibu, na hadithi ya ziwa kukauka aliitunga njiani. Baba alicheka na wenzake. Akirudi nyumbani Mji wa Kale, hata kahawa hakunywa.

Basi nilipopata kazi katika maabara ya kuchunguza hali ya hewa ya kale, miaka ya tisini, alifurahi kuliko mimi. Nilimweleza: ziwa likipungua maji, chumvi yake huzidi, na tope linalotulia chini wakati huo huihifadhi. Tope la mwaka huu hukaa juu ya la mwaka jana. Ukilipima tabaka kwa tabaka, unajua lini mvua ilinyesha na lini ilikosekana.

"Hata zama za babu?"

"Hata zama za babu."

Bahati ikatupeleka kwenye ziwa lenyewe. Tulizamisha mrija mrefu, tukatoa tope lake na tabaka zake zote, mara moja tu, na baada ya hapo watu wakalifukia ziwa lote wakalima mpunga. Kisha jokofu la maabara likaharibika. Nikaleta tope nyumbani, nikalilaza katika stoo yetu yenye ubaridi, nikalifunika plastiki. Nilipotumwa bara kwa kazi nyingine nilimwambia baba neno moja tu: "Niangalilie tope langu, lisikauke."

Niliporudi halikuwa na ufa hata mmoja. Nikaisifu plastiki! Subira sina, kwa hiyo maabarani nilianza na tabaka za zama za babu. Zilijaa chumvi. Nilikwenda nyumbani mbio kama mtoto.

"Baba, lina chumvi."

Hakuuliza zaidi. Alisema alhamdulillahi, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akatafuta kofia, aende Majengo papo hapo. Sikuwahi kumwona na furaha namna ile, na nilijiona mtu mbele yake. Alikuwa akivaa makubadhi aliposema, "Na mimi nina fungu langu, mwanangu. Kulla alasiri nalilinyunyizia kwa mrashi, polepole, lisichimbike."

Mrashi ule ni wa mama, wa kurashia wageni marashi.

"Maji gani, Baba?"

"Ya kisima. Kwani mfereji una maji?"

Kisima chetu, kama vingi vya kisiwa chetu, ni cha maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu. Mpaka leo nalijutia lile neno "lisikauke". Mtu wa mji wenye joto hili ukimwambia kitu kisikauke, atakitia maji, afanye nini tena? Laiti maji ya mfereji yangetoka mwezi ule tu.

Nikamwambia. Ilikuwa chumvi yetu wenyewe, na ya ziwa, kama ilikuwapo, haikuweza tena kutengwa nayo. Alisimama na kubadhi moja mguuni.

"Sasa babu je?"

"Haijulikani, Baba. Wala haitajulikana."

Alikaa kitako, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Usiwambie wa Majengo," akasema. "Wasijue kwamba tuliuliza."